Wimbo Unaoshuka Kila Ijumaa

Ndugu Mwenyekiti wa Kwaya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na sauti ungali nayo. Mimi, mwimba solo wa ubeti wa tatu kwa miaka ishirini na miwili, naomba kwa heshima zote mpwa wangu aondolewe kazi ya kuchapa nota, na kompyuta ya kwaya ifungiwe kabatini. Sababu zangu:

1. Siku hizi nota hazichorwi. Zinaandikwa kwa herufi, kama orodha ya sokoni, kisha mashine inazichora yenyewe. Juu kabisa kuna mstari mmoja wa kuupandisha au kuushusha wimbo mzima. Kila Ijumaa tukigawiwa karatasi, wimbo umeshuka hatua moja. Wiki ya tatu sauti ya nne, wale wanaume wa chini kabisa, hawakuimba, walinguruma.

2. Ijumaa iliyopita mtu aliweka kialama kidogo kwenye nota ya kwanza ya sauti ya nne. Mashine hupima kila nota kutoka kwa iliyoitangulia, basi zote zikapanda oktavu nzima, hadi kwa akina mama. Mwenye bucha, mwimbaji wetu wa sauti ya nne, ni mtiifu, aliimba kilichoandikwa. Ameshinda siku mbili na kitambaa shingoni.

3. Mpwa wangu alipoulizwa alijibu tu, "Mimi sijagusa." Binti niliyemfundisha do-re-mi mwenyewe! Na nasikia mnataka kumpa solo yangu, eti pumzi zimenipungukia. Kikulacho ki nguoni mwako.

4. Mashine haina adabu. Inamtii yeyote anayeikalia, haiulizi umri wala cheo. Kwa mwendo huu, siku ya mashindano tutaimbia chini ya sakafu.

Nisalimie mama watoto, katibu, na mwenye bucha, akiweza kuitikia.

Wako katika uimbaji,
Sauti ya Tatu, kiti cha mbele

Tanbihi: Nilipokwenda ofisini kuchukua bahasha niliufungua wimbo, niushushe hatua ya mwisho tu, kama nilivyofanya kila wiki, maana ile nota ya juu siifikii tangu mwaka jana. Kialama nacho nilikiweka mimi, kwa kuwahurumia sauti ya nne. Nikakuta mpwa wangu ameandika mstari ambao mashine huuruka, husomwa na watu tu: "Mjomba, usiushushe wimbo. Niambie, nitakuandikia nota za chini kwenye ubeti wako." Nimeona aibu, Mwenyekiti. Ubeti mpe yeye. Mimi nipange sauti ya nne, pembeni ya mwenye bucha.