Mita ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Meneja katuita wote ukumbini. Shirika letu la umeme linaanzisha kitengo cha kuwafundisha wateja kubana matumizi ya umeme na kutumia sola. Anatafutwa mkuu. Mfanyakazi ambaye matumizi kwenye mita ya nyumbani kwake yatashuka kuliko ya wenzake hadi Ijumaa ndiye atakayekabidhiwa. Meneja akasema hawezi kumtuma kwa wateja mtu ambaye kwake taa zinawaka mchana. Wenzangu wakageuka kunitazama. Sijui kwa nini.

Ninayemhofia ni mmoja tu, Bi Balbu wa dawati la malalamiko. Tulimbandika jina hilo alipobadilisha balbu zote za ofisi bila kuombwa. Miaka sita tunakaa meza moja, na kila jioni ananiuliza kama nimezima feni. Cheo hiki ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba mke wangu tuoge maji baridi. Kasema nianze mimi. Nimeanza. Nimeacha.

Wazo likanijia nikiwa na povu masikioni. Mama mkwe anakaa ukuta kwa ukuta na sisi. Ana mita yake. Nikamwambia friji yetu inanguruma, hatulali, atuhifadhie siku nne. Akakubali, akauliza kama kuna kingine kinachotusumbua. Kwa kuwa kauliza, nikapeleka hita ya maji, pasi na birika la umeme. Mke wangu kauliza kama tunahama au tumeibiwa.

Jumatano, 5 Machi

Mita yetu imelala fofofo. Nimesimama kuitazama dakika kumi, raha tupu. Ofisini nimewaambia siri yangu ni nidhamu. Bi Balbu kauliza nidhamu ipi. Ya kila siku, nikamjibu. Akaandika.

Kero ndogo tu: maji ya baridi sasa ni safari, na mama mkwe haniachii glasi kabla sijamweleza hali ya ukoo mzima. Shati nimelipiga pasi sebuleni kwake, mbele ya wageni wake watatu. Mmoja kampongeza kwa kupata mkwe anayejua kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yameharibika. Hizi mita mpya hutuma taarifa ofisini zenyewe, na ya mama mkwe imepanda hadi kompyuta ikamtia alama nyekundu. Mteja wa namna hiyo hutembelewa na kushauriwa. Kazi kapewa Bi Balbu. Nikajitolea kwenda badala yake. Meneja akafurahi, akasema twende wote wawili.

Tukakuta friji mbili bega kwa bega. Bi Balbu akabana karatasi kwenye mlango wa ile yetu. Ikadondoka yenyewe. Akamweleza mama mkwe taratibu kwamba mpira wa mlango umekwisha, baridi inavuja, na friji hii inakula umeme kutwa nzima.

Mama mkwe akasema, "Hiyo si yangu, mwanangu. Ni ya mkwe wangu huyu uliyekuja naye. Kaileta juzi, na hita, na pasi."

Sikujua niweke wapi macho. Nikayaweka kwenye birika. Nalo letu.

Njiani Bi Balbu kasema hatanishtaki kwa mtu. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi

Mita yangu imeshuka kuliko zote. Makofi. Nikainuka, nikafunga kifungo cha koti. Meneja akaniomba nieleze mbinu, wateja waige. Bi Balbu akainamia karatasi zake. Nilifungua mdomo niseme nidhamu, ikatoka kweli yote, mpaka birika. Wamecheka hadi meneja akaomba maji.

Mkuu wa kitengo ni Bi Balbu. Nyumba ya mfano, itakayowekwa paneli za sola juu ya paa, ni ya mama mkwe. Jana, mimi nikiwa bado natazama birika, alimuuliza Bi Balbu maswali ya sola hadi nikadhani tutalala huko. Mimi nimepangiwa kubeba ngazi.

Jumatatu, 10 Machi

Tumenunua mpira mpya, friji imerudi nyumbani, karatasi haidondoki. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Leo Bi Balbu katangaza kwamba atakayeandikisha kaya nyingi kwenye mpango wa sola atakuwa naibu wake. Mtaa wetu una nyumba arobaini. Nimeshaziandikisha zote. Kesho nitaanza kuwaambia wenyewe.