Kichujio kwa Macho ya Bosi Tu

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata! Ijumaa Bosi anateua mkuu wa tovuti ya duka letu la samani. Tuko wawili: mimi na Shemeji, aliyemuoa dada yangu na bado hajaridhika. Chini ya kila ukurasa pana jina lake kama mtunzaji, eti kwa kuwa alinitangulia kazini. Kiolezo cha kurasa anakilinda kama mboni ya jicho. Sikigusi. Naweka kichujio, vijistari vichache vya PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Ukurasa ukiwa njiani kwenda kwa msomaji, jina lake linatoka, linaingia langu na picha yangu ya suti. Kwa sharti moja: anayetazama awe ameingia kwa akaunti ya Bosi. Wengine wataona ya kawaida. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 5 Machi
Kinafanya kazi. Nimejaribu kwa akaunti ya Bosi. Nenosiri lake limebandikwa kwenye friji ya ofisi, maana akaunti zetu zikigoma tunaingilia hiyo. Nikajiona chini ya kila kabati. Raha iliyoje. Nimempigia Mama aanze kuniita Mkuu. Akauliza kama nimekula.

Jumatano, 6 Machi
Mhasibu kaniuliza ile suti niliazima kwa nani. Dereva naye kauliza. Wivu huo. Ila wameionea wapi?

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwisha. Kumbe akaunti zao zinagoma kila siku! Ofisi nzima inaingilia ya Bosi, Shemeji akiwa wa kwanza, na wiki nzima wananitazama na suti yangu. Asiyeniona ni Bosi peke yake. Yeye hajawahi kuingia. Hufungua tovuti kwenye simu kama mteja yeyote, na kila mara alisoma jina la Shemeji. Ukuu kampa yeye. Dada kanipigia kunipa pole, huku anacheka. Nimeumia, nisiseme uongo. Mimi nimeachiwa ukurasa wa malalamiko.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka na wazo zito. Malalamiko ni mengi, viti vinakatika miguu. Kichujio kipya: ikiingia akaunti ya Bosi, malalamiko yote yanatoweka, zinabaki pongezi. Safari hii sibahatishi. Nenosiri la Bosi nimelibadilisha, la kwenye friji nimelichana. Nikamwomba Bosi aingie Jumatatu ajionee kazi yangu. Akasema mambo ya nenosiri yanamchosha. Nikamwambia asijisumbue hata kidogo, aingie kwa akaunti yangu.