Punda Mwenye Nundu

Serikali ilipoamua, mwaka wa 1984, kwamba wizi wa mifugo utakomeshwa kwa kompyuta, wilaya iliyopewa heshima ya kutangulia ilikuwa Isiolo, na ofisa aliyekabidhiwa heshima hiyo nilikuwa mimi, Githinji, Kaimu Msimamizi wa Kitengo cha Utambuzi wa Chapa za Mifugo. Nilipewa chumba, feni, na mtaalamu Murithi, aliyesomea kompyuta Uskochi.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Hakuna mnyama kuuzwa bila cheti. Murithi anaiandikia mashine chapa ya mnyama kwa herufi na nukta, nukta ikisimama badala ya herufi yoyote isiyosomeka. Mashine inatafuta chapa inayofanana miongoni mwa mifugo iliyoibwa, kisha inachapa ilichopata.

"Programu yangu haina kinyongo, mzee," Murithi aliniapia. "Kila swali linajitegemea. Ukiuliza lilelile unajibiwa lilelile, haijalishi nani ametangulia."

Nikashukuru. Hatimaye tumepata mtumishi wa umma.

Jumatatu mashine ilimtambua punda aliyeibiwa Golicha, mchuuzi wa maji wa Burat. Mwizi alitoroka, na punda pia, lakini karatasi ilibaki mikononi mwetu. Nikahutubia.

Aliyefuata alikuwa Batula, mama kutoka Sericho, na ngamia wawili waliokonda. Ukame ulikuwa umemaliza kila kitu kwao, na watoto walikuwa nyumbani wanangoja unga. Mashine ikachapa: PUNDA DUME, MALI YA GOLICHA, BURAT.

"Mzee, hii ni ngamia," Batula alisema.

"Mama, hayo ni maoni yako."

"Punda gani iko na nundu?"

"Punda anayejificha."

Ngamia wakapelekwa boma la serikali. Batula akaketi langoni, akakataa kuondoka.

Baada yake wakaja mbuzi. Punda. Wakaja kondoo wa Leparua. Punda. Kufikia Alhamisi boma lilijaa punda wa kila aina, wengine wakitoa maziwa ambayo hatukuwa na sera nayo.

Murithi aliingia ofisini jasho likimtoka.

"Mzee, ile kazi ya kutafuta sikuiandika mimi. Nilitumia maktaba. Kumbe ndani yake kuna mfuko mmoja uliofichwa, wa kuweka kilichopatikana mwisho. Isipopata kitu, haiumwagi. Kila asiye na hatia anapewa punda wa Golicha!"

"Hiyo maktaba, ulikuwa na kadi yake?"

"Si ya vitabu, mzee. Ni programu za kuazima."

"Basi utairudisha baada ya sherehe. Siwezi kumwambia Naibu Mkurugenzi kwamba mashine ya serikali ina mfuko wa siri. Ataniuliza nani anautumia."

Ijumaa Naibu Mkurugenzi, Bwana Macharia, akafika kutoka Nairobi. "Mashine hii haikosei!" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Anayeipinga anapinga serikali!" Tukapiga makofi. Wafanyabiashara wakamzawadia fahali mwekundu, mnene kuliko mnyama yeyote aliyeonekana mwaka huo. Bwana Macharia akasema kwa unyenyekevu kwamba lori lilikuwa tayari linangoja. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, akataka cheti papo hapo, mbele ya wananchi.

Murithi akanitazama. Mimi nikaitazama feni.

Koplo Wako, askari wa lango letu, alipokea karatasi ya mashine, akaisoma kwa sauti ya gwaride: "Punda dume! Mali ya Golicha, Burat!"

Kisha mzee mwenye shuka akapenya katikati ya watu.

"Salaam aleikum, bwana mkubwa. Mimi ndiyo Golicha. Hiyo ni punda yangu."

"Huyu ni fahali! Huoni pembe?"

"Mimi sikusoma. Naamini mashine."

Bwana Macharia alifungua mdomo. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kikavuma. Akaufunga.

"Na ile ingine iko boma," Golicha aliendelea, "hiyo pia ni punda yangu, ama?"

Kanuni ni kanuni: mnyama aliyepatikana hurudishwa kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Nikaamuru lango lifunguliwe. Golicha akasimama hapo akiwagawia wenye mifugo punda wake. Batula alikabidhiwa kamba za ngamia, na cheti cha punda wawili. Mmoja hakuweza kuinuka. Ilibidi watu wamsukume, naye Batula akimsemesha sikioni kwa Kiborana hadi akasimama.

"Chukua punda hii, dada. Nishikie."

"Nishike mpaka lini?"

"Uza kwanza, ndiyo tuongee."

Batula akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akashika njia ya soko kabla halijafungwa.

Alipomaliza, Golicha alifungua kamba ya fahali. Kulibaki sahihi moja kwenye fomu ya kumrudisha, ya ofisa wa cheo cha juu kuliko wote waliopo. Nikamsomea Bwana Macharia fomu hiyo, kwani miwani yake ilikuwa imeingia ukungu: "Mimi, Naibu Mkurugenzi, nathibitisha kwamba nilipatikana na punda asiye wangu, nami nimemrudisha."

Kalamu yake ilikataa kuandika. Nikampa yangu.