Msukosuko Uliotulia Mbele ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Miaka ishirini natafiti msukosuko wa plazma, ile gesi tunayoipasha moto kupita jua na kuizungusha ndani ya pete ya sumaku. Siku itakapotulia, dunia itapata umeme usioisha. Haitulii! Vimbunga vidogo vinaivuruga, joto linatoroka. Leo shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyeajiriwa hapa juzi tu, kasimama kikaoni na kudai kwamba tukizidisha moto, vimbunga hivyo vitazaa mikondo itakayovikatakata. Wakuu wakaafiki. Mimi presha ikapanda.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Jaribio lake ni Alhamisi asubuhi. Nimemwambia limesogezwa mchana. Kiti chake cha kuongoza jaribio nitakikalia mimi, moto nitaupeleka hadi mwisho, msukosuko utachachamaa, na nadharia yake kwisha habari!

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kauliza mbona najichekea mezani. Nikamsimulia yote. Siri ya nyumbani haitoki nje. Hakucheka. Ajabu.

Alhamisi, 6 Machi
Sijui nianzie wapi. Mwendesha mtambo alinitazama kwa jicho la pembeni, akabonyeza. Sakafu ikanguruma. Kwenye skrini vimbunga vikafura, nikasugua viganja. Nikaamuru moto wote.

Vikatulia!

Hivi hivi, ghafla. Mikondo ikapita kati ya vimbunga, ikavichana, na ukingo wa plazma ukabaki mwembamba, mng'avu, tuli. Jua zima limenyamaza ng'ambo ya ukuta! Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Shemeji, unaona?"

Alikuwa yeye, mkoba ungali begani. Dada yake alikuwa amemtonya.

"Naona," nikasema.

Hakuniuliza habari ya mchana. Alinishika bega tu, tukatazama pamoja mpaka mwanga ukazimika.

Ijumaa, 7 Machi
Kila nikifumba macho naiona ile pete. Fujo imejituliza yenyewe! Nani aliifundisha? Nimekuwa mtu mpya, hila basi. Shemeji kaniomba nimtengenezee bango la mkutano wa wanasayansi. Nimelifanya kwa moyo mweupe. Jina langu liko juu, herufi nene, kwa kuwa kiti nilikikalia mimi. Lake liko chini, pembeni. Mwenye hadubini atalisoma bila taabu.