Sanduku la Marehemu Kalinga

Jumatatu, 3 Machi 2025
Iyunga. Ukungu hadi mlangoni. Mzee Sosthenes, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa viazi, kanigongea meza. Barua pepe zake zinarudi! Seva inaandika: kikoa cha mpokeaji hakipo. Nikamwambia ni mtandao. Uongo. Tumpe, katibu muhtasi, anachapa anwani kwa kukumbuka, na seva ina kanuni ya kukataa anwani yoyote ambayo sehemu yake ya baada ya @ haipo duniani.

Damari, fundi mwenzangu wa ofisi yetu ya Iringa, kaniandikia kwa salamu ya kwao: kamwene Asukile, kanuni haina kosa, sahihisha anwani. Anwani mia mbili! Mimi! Na Ijumaa mmoja wetu anateuliwa fundi mkuu wa ofisi zote mbili. Nimefuta kanuni. Barua zenye anwani mbovu sasa nimezielekeza kwenye sanduku la barua pepe la Mzee Kalinga, aliyekuwa karani wetu Chimala. Alifariki Novemba. Hatalalamika.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna barua iliyorudi. Mwenyekiti kanisifu mbele ya watu. Saa nne kaniita tena. Uso wa majivu. Kwenye kioo cha kompyuta: "Nimesafiri kidogo. Nitarudi Jumatatu. Kalinga."

Nilishika jeneza lile kwa mikono yangu!

Mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini, "Jumatatu ipi?"

Nikasema ni kirusi.

Jumatano, 5 Machi
Watu kumi na mmoja wamejibiwa. Tumpe kahamisha kiti, hataki kuupa mlango mgongo. Kanisani wameombwa watuombee.

Ukweli naujua. Kabla ya safari yake ya mwisho mzee aliweka jibu linalojituma lenyewe, akafa bila kulizima. Nikilitaja, nitaulizwa barua zilifikaje huko. Basi nikafungua sanduku nilizime kimyakimya.

Kulikuwa na barua ambazo si za ofisi. Moja kila Jumapili, tangu Novemba. Za mkewe, Mama Faustina. Ya mwisho: "Baba Faustina, umesema Jumatatu. Nimekunyooshea shati la bluu."

Chini yake, jibu: Nitarudi Jumatatu.

Sikulizima. Nikafunga sanduku, nikaenda kukaa palipo na watu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Juzi mwenyekiti aliandikia vikundi vya wakulima: dawa ya ukungu ya mzigo mpya inaunguza majani, msipulizie. Anwani nne zilikuwa na makosa. Zamani zingerudi, Tumpe angepiga simu. Safari hii zilimezwa. Jana Mzee Jailos wa kikundi cha Uporoto kapulizia ekari mbili. Leo shamba jeusi, kama limepitiwa na moto.

Damari kashuka toka Iringa. Akauliza mbona barua hazikurudi. Nikasema marehemu ndiye aliyezipokea.

Mwenyekiti akanikazia macho. "Asukile, unamsingizia maiti?"

Nikasema mimi nasoma tu kilichopo kwenye kioo. Damari akageuza kompyuta, kumbukumbu za seva zikaonyesha aliyefuta kanuni: jina langu, Jumatatu, saa tano na dakika sita. Karudisha kanuni, kazima jibu la Kalinga, kapigia simu vikundi vitatu vilivyobaki. Vilikuwa bado havijapulizia. Mzee Jailos naye alikuja. Hakunitukana. Alisimama mlangoni, mikono inanuka dawa, akauliza tu wanawe watakula nini.

Ijumaa, 7 Machi
Damari ndiye fundi mkuu. Bila shaka! Mimi nimetumwa Chimala nimweleze mjane.

Mama Faustina kanikaribisha chai. Shati la bluu lilikuwa kwenye kiti, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Nikamweleza kuhusu mashine. Akacheka kidogo.

"Mwanangu, mimi si mjinga. Nilimvisha mwenyewe suti ya kuzikwa. Nilitaka tu aniambie Jumatatu."

Nikamwambia jibu limezimwa. Akasogeza kiti chenye shati karibu na mlango, akaniaga.

Jumatatu, 10 Machi
Sikulala vizuri. Lakini asubuhi akili ikafunguka! Yule mama anahitaji jibu, nami nahitaji kutenda wema. Nimeandika kanuni yangu, ndogo, mistari miwili. Nimeificha mahali ambapo Damari hatatazama. Jibu limerudi, na maneno nimeyaboresha, maana mtu hawezi kusafiri milele: "Nimefika. Nipo nje, nifungulieni. Kalinga."

Nilisahau kuandika kwamba liende kwa Mama Faustina peke yake; linamjibu kila anayetuma barua hapa ofisini. Jambo dogo.

Tumpe kapiga kelele chumba cha pili. Mwenyekiti kafunga mlango wake kwa komeo, ananiita kwa simu akiwa humohumo ndani. Sauti inatetemeka.

Nadhani ameguswa. Huenda wakaangalia upya ule uteuzi.