Nimeleta Vali, Sikuleta Mishipa

Fundi Cherehani,
Kitanda namba tisa,
Wodi ya wanawake.

Kwa Daktari Mkuu wa Upasuaji wa Moyo.

YAH: KUONGEZEWA KAZI NISIYOIAGIZA

Mheshimiwa Daktari,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaoshika visu chini yako. Mimi ni mzima, ukiondoa kilichonileta.

Nililetwa hapa na mdogo wangu kwa sababu vali ya moyo wangu, ule mlango wa kutokea damu, imekakamaa, na nikipanda vidato vinne tu vya ngazi nahema kama niliyefukuzwa na mbwa. Mkasema itabadilishwa. Nikakubali. Jumatatu mkanipitishia mpira mwembamba mkononi ili mpige picha, na jana mkaja watatu kuniambia kwamba mishipa miwili inayoulisha moyo wenyewe nayo imeziba, na ingefaa ishughulikiwe. Hapo ndipo ninapolalamika.

1. Nimeshona miaka thelathini na moja. Mteja akileta suruali ibadilishwe zipu, nabadilisha zipu. Sipekui mifuko, sichunguzi makalio. Hiyo ndiyo adabu ya kazi. Ninyi nimewaletea zipu, mmeifumua suruali nzima.

2. Hamjaelewana. Daktari wa miwani anataka kwanza aitanue mishipa kwa vijibomba vya waya, vali ije baadaye. Yule mrefu anataka nipasuliwe kifua mara moja, yote yaishe. Wa tatu akasema vali ibadilishwe, mishipa iachiwe vidonge. Huyo ndiye niliyempenda, ingawa wenzake walimtazama kama mtu aliyejamba mbele ya wakwe.

3. Huyo mrefu anasema atatoa mshipa mguuni mwangu, aushone moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Daktari, mguu wangu wa kulia ndio unaokanyaga cherehani! Hata mimi sijawahi kukata pindo la sketi ya mteja nikamshonea kola. Na mshipa uliozoea kukanyaga miaka yote hiyo, ukifika kifuani utatulia? Moyo ukianza kwenda mwendo wa cherehani, alaumiwe nani?

4. Nesi wa asubuhi amenikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu kuwa mimi nimekuja kwa ajili ya mlango. Tangu hapo chai yangu inafika ya mwisho, imepoa.

5. Mkiachiwa, hamtakoma. Leo mishipa, kesho ini, keshokutwa mtagundua goti moja halilingani na mwenzake, na Ijumaa mtamwita mume wangu mumkague naye kwa kuwa tunakwenda pea. Nitarudi nyumbani mtu mpya kabisa, wanangu wanikatae mlangoni.

Tena niseme ukweli: naogopa. Mlango mmoja nimeshauzoea kichwani. Kazi zaidi ya hiyo siiwezi.

Kwa hiyo naomba mbadilishe vali, mfunge, mkate uzi. Mengine mliyoyaona mnyamaze, kama ninavyonyamaza mimi.

Nisalimie madaktari wote watatu, hata yule mrefu, na nesi wa asubuhi mwambie nimemsamehe ile chai.

Ni mimi, mgonjwa wako mtiifu kwa jambo moja tu,

Fundi wa kitanda namba tisa.

N.B. Nilikuwa sijaifunga barua hii, akaingia shemeji yangu mwalimu kunitazama, sweta amelifunga kiunoni na jua lote hili. Suruali yake nilimbadilishia zipu siku mbili kabla ya kulazwa. Leo ameinama kuokota chaki mbele ya darasa, kitambaa kikapasuka nyuma kutoka mkandani hadi pajani. Zipu, anasema, haikutikisika hata kidogo. Ameniuliza kwa upole kama sikuona kwamba kitambaa kimechakaa.

Nilikuwa nimeona, Daktari. Nilinyamaza kwa kuwa alileta zipu.

Mwambie yule mrefu aje na fomu nitie sahihi. Ila mshipa autoe mguu wa kushoto.