Bitiruti Tatu na Mpunga wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mama mkwe, Theodosia, kapiga simu asubuhi. Mpunga wake kule Michenga umekomaa, ndege wanaumaliza. Anatuhitaji wote kuanzia Jumatano. "Wote" maana yake mimi. Shemeji Evod, mdogo wa mke wangu, yuko huko tayari. Anavuna kama trekta, na mama mkwe hachoki kunisimulia. Mgongo wangu haukuumbwa kwa mpunga. Nimepita sokoni Ifakara, nikanunua bitiruti. Nimekula tatu, mbichi, nyuma ya nyumba. Ladha ya udongo. Mwenye akili huvumilia.

Jumanne, 4 Juni
Mkojo mwekundu. Mzuri ajabu. Nimemwita mke wangu Levina aje aone, huku nimejishika kiuno. Levina akashika kichwa, kisha akanishika mkono. Hilo sikulipanga. Nilitegemea kitanda na uji, nimepelekwa zahanati.

Tabibu anaitwa Bernadetha. Mpole, ila macho makali. Kapima mkojo wangu: damu hamna hata chembe. Akauliza jana nilikula nini. Nikasema ugali na mlenda. Akauliza tena, akitazama vidole vyangu. Vyekundu hadi kwenye kucha.

Nimepewa somo mbele ya mke wangu. Mkojo wa njano iliyokolea: mara nyingi mwili unataka maji. Mkojo mwekundu bila bitiruti: huenda ni kichocho, maana tunashinda kwenye maji ya majaruba ya mpunga. Choo cheupe kama chokaa na mkojo wa rangi ya chai ya rangi: huenda ni ini. Choo cheusi kama lami, kinachonata: huenda damu inavuja tumboni, na hapo mtu hangoji kesho. Njia nzima Levina alitangulia mbele, akibonyeza simu.

Jumatano, 5 Juni
Michenga. Nimemwamkia mama mkwe shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza bitiruti zinaendeleaje. Levina ana simu, na simu ina salio. Evod kavuna kipande kizima. Mimi pembe moja.

Alhamisi, 6 Juni
Mchana Evod kanivuta pembeni ya turubai. Ana siri. Choo chake ni cheusi siku ya tatu sasa, kinanata. Akiinama anaona kizunguzungu. Na kila asubuhi humeza vidonge vya maumivu, bila chakula, ili mgongo usimsumbue.

"Usimwambie mama, shemeji," akasema. "Mpunga uishe kwanza."

Kumbe trekta linaendeshwa kwa vidonge. Nimeapa kunyamaza. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nakiri hapa tu: huruma sikuwa nayo. Nilitaka ajue siri ya trekta lake.

Mama mkwe kaangusha kisu chake. Nyuma yangu Evod akajaribu kusimama, akayumba, midomo imempauka. Furaha yote ikanitoka. Nimembeba mgongoni kuvuka majaruba hadi barabarani kwenye bodaboda. Ni mzito. Njia nzima namwambia asilale, naye ananiita mnafiki.

Ijumaa, 7 Juni
Hospitali. Evod ana kidonda tumboni, kilikuwa kinavuja. Kaongezewa damu chupa mbili. Daktari kasema angeendelea kuvuna, tungekuwa tunazungumza mengine. Evod kanishika mkono.

"Shemeji, uliapa."

Nikakubali kwamba niliapa.

"Asante kwa kutoaminika."

Nimetoka nje kidogo, nikamwambia Levina ni vumbi la mpunga machoni. Kaniita kwa lile jina la siku za uchumba.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa, mama mkwe kawasimulia watu wote pale nje ya kanisa. Kaniita mwanangu, mara ya kwanza kwa miaka tisa. Mchana, nyumbani kwake, nimepewa firigisi ya kuku, kipande cha heshima. Nilikuwa bado naitafuna alipotangaza kwamba Evod hatanyanyua kitu mwezi mzima, hivyo sehemu yake ya shamba kaniachia mimi, kuvuna, kupura na kubeba. Eti ndiye mtu anayemwamini.

Wiki hii nimejifunza mengi. Jirani yetu Paulina, kwa mfano, kaniambia mtu akila karoti nyingi, viganja vyake hugeuka njano. Na nani atampa kisu cha kuvunia mtu aliyegeuka njano? Nimekula kumi na moja. Kazi inaanza kesho asubuhi. Nakaa juani, natazama viganja.